Kwa vijana wa mazingira wa Bukavu, kabla hamjaenda Muanda kulinda kasa

Wanangu,

Wengi wenu nimewafundisha biolojia hapa Bukavu, na wale ambao sikuwafundisha nawajua kwa wazazi wao. Kwa hiyo nitasema nanyi bila kuzunguka. Nimekasirika. Nimekaa na hasira hii siku kadhaa nikitumaini itapoa, haikupoa, na nimeona ni afadhali niwaandikie hadharani kuliko kunung'unika peke yangu nyumbani.

Tarehe 16 Juni, Siku ya Kasa Duniani, mlitukusanya katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Nilialikwa, nikaja. Mlikuwa mmebandika ukutani picha nzuri za kasa, yule kobe wa baharini. Mkatuonyesha filamu, kisha mkatangaza kwamba baadhi yenu mtakwenda Muanda, kwenye pwani yetu ya Atlantiki, kusaidia kuwalinda kasa wanaotaga kule. Moyo wangu ulijaa. Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Kivu kuguswa na mnyama ambaye hajawahi kumwona kwa macho yake ni jambo la kumshukuru Mungu. Halafu, baada ya chakula, mkashuka ziwani pamoja na maofisa, fulana zenu mpya zina picha ya kasa kifuani, mkachoma nyavu za wavuvi.

Niliwafuata nyuma. Nailoni haiungui kama kuni. Inajikunja, inayeyuka, inadondosha matone yenye moto, inatoa moshi mweusi unaokwaruza koo, na mwisho inabaki mabonge magumu yaliyoshikana na mawe. Mama mmoja alikuwa pembeni ya moto, ameshika kijiti, anavuta moja moja maboya ambayo bado hayajashika moto na kuyatia katika beseni lake la kuuzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Hakulia, hakumtukana mtu. Mmoja wenu akamwambia asogee kwa sababu anaingia kwenye picha.

Anaingia kwenye picha! Ule ni ufukwe wake. Amefika pale kila alfajiri tangu kabla ninyi hamjazaliwa, akisubiri mitumbwi ile mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti irudi na taa zake. Aliyeingia kwenye picha ya mwenzake ni yupi?

Najua mtakavyojibu. Nyavu zile zilikuwa na matundu madogo, na nyingine zilishonwa kwa vyandarua vya mbu. Ni kweli, na mimi ndiye niliyewafundisha ubaya wake. Sambaza huzalia karibu na kando, na wadogo hukulia hapohapo, kwa hiyo anayekokota chandarua kwenye maji ya kando anavua sambaza wa mwaka ujao. Lakini chandarua kile kilitoka wapi? Kiligawiwa bure kwa ajili ya malaria. Na wavu wa matundu madogo ulitoka wapi? Uliuzwa dukani, mchana kweupe, katika mji huuhuu. Aliyeuingiza nchini hajaguswa na mtu, wala sikuona fulana hata moja imesimama mbele ya duka lake. Wavu halali ni ghali. Mvuvi anaununua kwa deni, analipa kodi hapa na pale, nyingine bila risiti, na katika miaka hii ya vita kuna usiku ambao hathubutu hata kutoka. Mliyemchomea ni yule aliyekuwa karibu na ambaye hana wa kumtetea.

Nilirudi pale baadaye kuuliza wanavua na nini sasa. Wanavua na nyavu zilezile, za kukopa, ila wanakwenda usiku wa manane, upande ambao hamfiki. Na wameacha kusema. Zamani ungeuliza samaki wakubwa wameonekana wapi, wangekueleza mpaka na rangi ya maji. Leo wanatazama chini wanasema hawajui. Hiyo ndiyo hasara mliyoitia ziwa, na ni kubwa kuliko ya nyavu. Mlikuwa na mamia ya macho majini kila usiku, bila kulipa hata franka, mkayafumba kwa alasiri moja.

Nataka chama chenu kirudi pale, kikae na kamati ya wavuvi, kiombe radhi, kisha kitafute nyavu halali za kubadilishana na zile mbovu. Sambaza mwenyewe aliletwa katika ziwa hili kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye kitoweo cha maskini wa Bukavu, Goma na Idjwi. Jirani zetu wa Rwanda hufunga uvuvi wake kwa miezi miwili hivi kila mwaka ili wazaliane, na samaki hawajui mpaka wa nchi. Siku tutakapotaka nasi kupumzisha upande wetu, ni kina nani watakaoweka nyavu chini kwa hiari? Ni haohao mliowachomea.

Sasa tuje kwa kasa, maana huko ndiko mnakotaka kupeleka mkono huohuo.

Mnyama huyu hana haraka. Jike hukaa miaka mingi, kuanzia kumi na kitu hadi 30 au zaidi kutegemea aina yake, kabla ya kutaga mara ya kwanza. Wakati ukifika hurudi kwenye pwani ya kule alikozaliwa, hupanda mchangani usiku, huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai kama mia moja, hufukia, hurudi majini na hatakuja kuyaangalia. Mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga wa moto hutoa majike wengi, wa baridi hutoa madume wengi. Watoto mara nyingi hutoka usiku na kukimbilia mahali penye mwanga, ambapo kwa kawaida ni upeo wa bahari. Kukiwa na taa za hoteli au miali ya gesi nyuma yao, hupotea na kukauka juani asubuhi. Wataalamu hukadiria kwamba katika watoto 1,000 huenda ni mmoja tu anayefika ukubwa wa kutaga.

Pigeni hesabu. Mradi wenu una miaka mingapi? Miwili, au mitatu mfadhili akiwa mkarimu. Kasa atakayeanguliwa katika mwaka wenu wa kwanza huenda atarudi kutaga mkiwa na watoto wakubwa. Usiku huo nani atakuwa ufukweni? Mratibu wa mradi atakuwa amestaafu. Gari la mradi litakuwa chuma chakavu. Atakayekuwepo ni mtoto wa mvuvi, na atakalomfanyia kasa yule litategemea alichosimuliwa na baba yake juu yenu.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya wavuvi, ninyi ni wasaidizi wao. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka katika neno hilo.

Binti yangu ameolewa Kilindoni, kisiwani Mafia, nchini Tanzania, na nilipokwenda kumtembelea, mkwe wangu alinipeleka kuona kasa wakitoka. Tulivuka kwa mashua hadi kisiwa kidogo cha Juani, tukakikata kwa miguu hadi upande wa bahari kuu. Hapo tulimkuta mlinzi wa viota. Alikuwa mtu wa kijiji kilekile, miguu mitupu, suruali imekunjwa hadi magotini, hana bunduki wala sare. Alituweka nyuma ya mstari aliouchora mchangani kwa kisigino, akapiga magoti akaanza kufukua kwa mikono, polepole, kama mtu anayetoa viazi vitamu asivitie jeraha. Kwanza kikatoka kichwa kimoja cheusi, halafu mchanga wote ukaanza kutetemeka. Watoto wa kasa walipita mbele yetu kuelekea mawimbini, na mtoto wa Kizungu alipotaka kumbeba mmoja, mlinzi alimzuia kwa upole kabisa. Walipokwisha kuingia majini alikaa chini, akahesabu maganda, akahesabu mayai yaliyooza, akahesabu yaliyokuwa na mtoto aliyekufa ndani, akaandika yote katika daftari la shule lililokunjamana. Nilimwomba nilione. Kurasa na kurasa za tarehe na hesabu, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia shule ya msingi. Vijana wangu, wengi wenu mmeandika tasnifu za chuo kikuu zisizo na takwimu za namna ile.

Alinieleza kwamba zamani wote walikula mayai, na yeye alikula, na hakuna aliyeona ni dhambi. Nikamwuliza nini kilibadilika. Hakuanza na sheria, ingawa sheria ipo. Alianza na mpango ulioletwa pale mwaka 2001, ambao baadaye ulikuwa shirika la Sea Sense. Wanakijiji wenyewe ndio walioteuliwa kuwa walinzi wa fukwe. Mtu aliyeona kiota na kutoa taarifa alipewa pesa kidogo, kisha akapewa nyingine watoto walipoanguliwa, kulingana na wangapi walitoka. Mnaona akili iliyomo humo? Malipo hayakuishia kwenye taarifa. Mwenye kiota alikuwa na sababu ya kukilinda miezi miwili mizima, na jirani zake walikuwa na sababu ya kutokichimba, kwa sababu sasa kina mwenyewe. Baadaye wakaja wageni wa kuangalia, na sehemu ya kiingilio ikaenda kijijini.

Wapo kati yenu watakaosema kulipa watu ni kuwaharibu, kwamba wanapaswa kupenda mazingira kwa moyo. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu katika ule ukumbi, kutoka kwa mtu aliyekuwa na bahasha ya perdiemu, yaani posho ya siku, mfukoni. Nani alimlipa yeye kwa kupenda mazingira? Mvuvi anaambiwa apende bure, na anayemfundisha kupenda analipwa kwa siku, pamoja na usafiri. Hii ni dhambi ya nchi yetu nzima, wala si yenu peke yenu. Tumezoea kuamini kwamba aliyevaa viatu ndiye anayefanya kazi, na asiye na viatu anasaidiwa. Atelye, yaani warsha, inafanyika kwa Kifaransa, mwenye ziwa haelewi, kisha ripoti inaandika kwamba jamii ilishirikishwa. Karatasi ya mahudhurio imekuwa ndiyo jamii. Kama kuna jambo moja ningependa kuling'oa katika mioyo yenu kabla sijafa, ni hilo.

Na ziko njia nyingine, si ya Mafia tu. Watamu, kwenye pwani ya Kenya, ulianza mwaka 1997 mpango ambao leo unaitwa Local Ocean Conservation. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya anapiga simu, wanakuja, kasa anapimwa, anatiwa alama, anarudishwa baharini, na akiwa mgonjwa anapelekwa kutibiwa. Mvuvi anapewa kiasi kidogo, cha kufidia muda wake na usumbufu alioupata. Ni kidogo kwa makusudi, kisije kikawa bei ya kasa na watu wakaanza kuwawinda ili wapige simu. Karibu zaidi na mnakokwenda, upande wa Kongo-Brazzaville, shirika la Rénatura hufanya kazi na wavuvi wa pwani ya Pointe-Noire. Kasa akiingia wavuni hachinjwi, wanaitwa, wanamtoa, na mvuvi anapewa vifaa vya kushona wavu wake uliochanika. Hebu lisomeni tena hilo. Wale wanapeleka uzi wa kushonea nyavu.

Brazili nao walianza mpango wao wa TAMAR mwaka 1980, na walichofanya ni kuwaajiri wavuvi, baadhi yao walewale waliokuwa wakichimba mayai, kwa sababu hakuna aliyejua kusoma nyayo za kasa mchangani kuliko wao. Na huko Ostional, Costa Rica, wamekwenda mbali hata mimi nilishtuka niliposoma. Tangu mwaka 1987 wanakijiji wanaruhusiwa na sheria kuchukua mayai na kuyauza. Kule kasa wa aina moja hupanda kwa maelfu kwa usiku kadhaa mfululizo, na wanaokuja nyuma hufukua viota vya waliotangulia, kwa hiyo mengi ya mayai ya mwanzo yangeharibika tu. Kijiji huchukua katika saa 36 za kwanza, kisha kinaacha, na ni kijiji hichohicho kinachosafisha ufukwe na kulinda yaliyobaki. Msije mkaipeleka njia hiyo Muanda, nawaonya. Kwetu kasa hawaji kwa makundi ya namna hiyo, na kila kiota kina thamani. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha watu walikaa chini na wenyeji, wakamtazama mnyama wao anavyoishi kweli, wakatunga sheria inayofanana na mahali.

Njia ya kinyume hatuna haja ya kuitafuta ng'ambo. Kilomita 30 hivi kutoka hapa iko Kahuzi-Biega, hifadhi ya gorila. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hadi 6,000. Batwa, wale Wapigmi waliokuwa humo tangu mababu, walitolewa, hawakupewa ardhi nyingine, hawakulipwa. Mmewaona wamejibanza pembezoni mwa mashamba ya watu, wakibeba mizigo kwa chakula cha siku. Mwaka 2018 baadhi yao waliamua kurudi msituni. Damu ikamwagika, Batwa walikufa, walinzi wa hifadhi walikufa, na miti mikubwa ikageuka makaa yaliyoingia katika majiko yetu hapahapa mjini. Gorila hakupata faida, wala Mtwa, wala mlinzi aliyeacha wajane na yatima. Nusu karne imepita tangu hifadhi itangazwe na bado tunalipa. Siwaambii kwamba hifadhi ilikuwa wazo baya. Gorila wale ni zawadi, na bila hifadhi huenda tusingekuwa nao leo. Nawaambia kwamba mtu aliyefukuzwa hasahau, na watoto wake hawasahau.

Nchi yenyewe imeanza kujifunza, kwenye karatasi angalau. Tangu mwaka 2014 jamii ya mahali inaweza kupewa msitu wake kisheria, hadi hekta 50,000, na mwaka 2022 ikatoka sheria ya kulinda haki za Wapigmi wenyeji asilia. Ikiwa kijiji kinaweza kukabidhiwa msitu, sioni kwa nini kisikabidhiwe ufukwe.

Muanda mtakuta mambo yale yale. Pwani yetu ni fupi, kilomita 40 hivi, na sehemu kubwa iko chini ya Hifadhi ya Bahari ya Mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992. Kasa wanaotaga pale ni pamoja na kigome, yule mdogo, na noa, yule mkubwa kuliko wote asiye na gamba gumu. Nyama na mayai yao huliwa, msishangae wala msikunje pua. Mafuta yamekuwa yakichimbwa pale tangu miaka ya 1970 na watu bado ni maskini, mchanga unaliwa na mawimbi, na meli kubwa zinavua huko nje. Mvuvi wa Muanda anayaona haya yote kila siku. Ukimwendea ukaanza na yai alilokula mwanawe, ukanyamaza juu ya hayo mengine, atakusikiliza kwa adabu na hatakuamini hata kidogo. Na atakuwa na haki.

Kuna jambo jingine linalowahusu ninyi mnaobaki hapa, na wazazi wenu. Maji ya ziwa letu hutoka kwa mto Ruzizi, hushuka hadi Ziwa Tanganyika, hutoka Kalemie kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, huwa mto Kongo, na humwagika baharini pale Banana, wilayani Muanda kwenyewe. Sisi wa Bukavu tuko juu ya mto wa kasa wale. Na tunafanya nini? Mvua ikinyesha, takataka za vilima vyetu vyote, kuanzia Kadutu hadi Bagira, zinaingia ziwani, na kwa sababu maji yanaelekea Ruzizi, zinajazana kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I. Wafanyakazi wanatoa chupa na mifuko kwa milima, mashine zinasimama, tunakaa gizani, tunailaumu kampuni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu amri ya Desemba 2017. Nendeni sokoni leo mkanunue nyanya mwone mtawekewa ndani ya nini. Kasa akiona mfuko unaelea hudhani ni yavuyavu, yule mnyama laini kama ute ambaye noa humtegemea kwa chakula. Anaumeza, unaziba matumbo. Mifuko mingi ya Bukavu haifiki mbali hivyo, inakwama bwawani au inazama, lakini kila mji ulio juu ya mto Kongo unafanya kama sisi.

Siku ya tarehe 16 mezani kulikuwa na chupa za maji za plastiki mbele ya kila mgeni. Nani aliziokota? Ziliishia wapi? Anzeni hapo, na hamhitaji mfadhili.

Wanangu mnaokwenda, msidhani nawavunja moyo. Nikiwatazama nafurahi kuliko ninavyoweza kusema. Kizazi chetu kilimwona mnyama kama nyama au kama hadithi ya jioni, ninyi mmemwona kama jirani. Mna elimu, mna simu zinazopiga picha usiku, mna miguu yenye nguvu. Nataka tu msifike pale kama walivyofika kwetu watu wengi, na majibu yote ndani ya begi.

Haya mengine ni mafupi, yaandikeni mahali.

Nendeni kwanza kwa chifu, kisha kwa wazee wa wavuvi, kisha ndipo ofisi. Jifunzeni salamu za Kikongo cha pale kabla ya kufungua mdomo kwa Kifaransa.

Waulizeni wanawake wanaonunua na kukausha samaki. Wao ndio wanaojua ni nini kimeuzwa na kwa bei gani, na mara nyingi wao ndio waliomkopesha mvuvi pesa ya wavu.

Mkiahidi malipo, lipeni siku mliyosema. Malipo yaliyochelewa mwezi mmoja yanaua viota vingi kuliko mbwa.

Mkamateni mfanyabiashara wa magamba kabla ya mtoto aliyeokota yai. Kasa wote wamezuiwa katika biashara ya kimataifa, na pesa kubwa haiko kwa yule mtoto.

Msiwapige watu picha bila kuwaomba.

Daftari la hesabu likae kijijini. Ninyi chukueni nakala.

Msiwashe taa ufukweni usiku, hata ya simu.

Msimu wa kutaga upande ule wa Atlantiki huanza Septemba au Oktoba. Mna muda, basi utumieni kukaa tu na watu. Ingieni kwenye mitumbwi, vuteni nyavu, mkatwe viganja na kamba. Mkihamisha kiota kwa sababu maji ya bahari yatakifikia, mwacheni mzee wa pale achague mahali pa kukihamishia, kwa maana yeye ameyaona mawimbi ya miaka mingi. Na undeni kamati yenu huko huko ufukweni, wala si hapa mezani. Nimeambiwa majina saba tayari yameandikwa, na yote ni ya watu wa Bukavu na Kinshasa. Ifuteni orodha hiyo.

Mkishaandika nyingine nileteeni. Nitaisoma nikimtafuta mvuvi wa Muanda mwenye sauti ya kukataa jambo, na mama muuza samaki mwenye funguo ya sanduku la pesa. Wakiwemo wote wawili, nauli ya mmoja wenu nitaichangia mimi kutoka katika akiba yangu.

Mwalimu wenu wa biolojia,
Bukavu